Rangi Nazo Zina Ulimi

Binti wa ndugu yangu alinijia barazani, akanishika mkono, akasema: "Ami, nataka kusomea ushauri nasaha na tiba ya sanaa. Baba amekataa, asema kuchora si kazi."

Wasomaji, jambo hili si la kuchekwa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Vyema. Sasa basi, asipopelekwa kizimbani, apelekwe kwa nani?

Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyeipa tiba hii jina mwaka 1942, aliiona faida yake alipokuwa yeye mwenyewe mgonjwa wa kifua kikuu. Lisilotamkika, mkono hulichora. Lakini mtabibu si mpiga ramli wa kuagua picha. Kazi yake ni kuuliza kwa upole na kusikiliza.

Nilimwambia binti aanze na ushauri nasaha, kwani sheria yetu ya mwaka 2014 yataka mshauri asome na asajiliwe. Sanaa ije juu ya msingi huo.

Nawe ndugu yangu, sisi malenga twajua: dhiki isiyopata pa kutokea humla mwenyewe. Mwache mwanao asome.