Kindu: Mugongo inauma, lakini nani anaangalia namna mutu anatembea?

Kila asubuhi, kwenye kivuko cha mto Lualaba kati ya Alunguli na upande wa Kasuku, mizigo inaonekana kabla ya watu. Mifuko ya mchele, mihogo, makala, madumu ya mafuta ya ngazi: vyote vinashuka kwenye mitumbwi na kupanda kichwani, mgongoni ao kwenye baiskeli. Jioni, wengi wa wale waliobeba wanapitia famasi. Ombi ni lile lile: "Nipe ya mugongo." Wanapata vidonge viwili vitatu, usiku unapita, na kesho yake wanarudi chini ya mzigo.

Namna hii ya kutibu inaacha ulizo moja bila jibu: maumivu yanatoka wapi? Kidonge kinapunguza uchungu, lakini hakiwezi kusema kama shida iko kwenye mgongo, kwenye nyonga, ao kwenye namna mtu anavyoinama mara nyingi kwa siku. Kwa kujua hiyo, ni lazima mtu asimame, atembee, ainame, na mwingine amwangalie. Ndiyo kazi ya watu wa kinezi, wale wanaotibu kwa mazoezi na kwa mikono.

Panapouma si lazima ndipo penye shida

Goti ni mfano mzuri. Nyonga ikiharibika, uchungu wake unaweza kusikika kwenye goti, juu sehemu hizo mbili zinapata mishipa ya fahamu kutoka njia moja. Mtu anapaka mafuta kwenye goti miezi mingi, kumbe goti lenyewe ni zima. Vilevile ganzi ya mkono inaweza kutoka kwenye shingo. Na kiuno kikiuma, wengi wanasema mara moja "ni mafigo" na kutafuta antibiotiki, wakati mara nyingi ni misuli na viungo vilivyochoka.

Mtaalamu anaanza na maulizo: unafanya kazi gani, unabeba upande gani, inauma saa ngapi, nini inapunguza? Halafu: "Mama, tembea mpaka kwenye mlango, urudie. Chuchumaa. Simama kwa mguu mmoja." Analinganisha upande wa kuume na wa kushoto. Anatafuta kiungo kilichokaza, na kile kinacholazimika kufanya kazi ya mwenzake. Kisha anabadilisha kitu kimoja tu na kupima tena. Uchungu ukipungua, amepata alama ya njia. Usipobadilika, anatafuta pengine. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mashine wala umeme.

Chukua mtu anayesukuma baiskeli yenye kilo 100 ao zaidi kutoka vijiji vya njia ya Kibombo ao Kasongo. Anakaa upande mmoja wa baiskeli safari nzima, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukisukuma nyuma, mwili umepinda. Akipewa vidonge tu, kesho atapinda tena vile vile. Akionyeshwa kubadilisha upande njiani, kugawa mzigo sawasawa na kulegeza nyonga iliyokaza, anapata dawa anayoweza kujifanyia mwenyewe bila kutoa franka kila jioni.

OMS inasema nini

Shida hii si ya Maniema peke yake. Kulingana na Shirika la Afya Duniani, OMS, watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Kwa karibu watu 90 katika 100, hakuna ugonjwa mmoja ao mfupa uliovunjika unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kama sababu. Ndiyo maana picha ya radiografi, ambayo familia nyingi zinauza mbuzi ili kuilipa, mara nyingi haileti jibu. Hata watu wasiosikia uchungu wowote wanaonekana kwenye picha na mifupa iliyochakaa.

Mwezi wa kumi na mbili 2023, OMS ilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu. Inashauri mafundisho kwa mgonjwa, mazoezi na matibabu ya mikono. Haishauri mikanda ya kiuno, wala dawa kali za jamii ya tramadol kama matibabu ya kawaida. Dawa kama ibuprofene na diklofenaki zina nafasi yake, lakini kuzimeza kila siku bila muganga kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo zenyewe ambazo mtu alidhani anazitibu.

Kulala kitandani wiki nzima pia hakusaidii. Mwili unapona vizuri zaidi ukiendelea kusogea polepole.

Lakini kuna alama ambazo hazingoji mazoezi. Mgonjwa apelekwe hopitali mbio ikiwa maumivu yanakuja na homa, kukonda ao jasho la usiku, juu kifua kikuu kinaweza kushika mifupa ya mgongo. Ni vilevile akianguka vibaya, miguu ikiregea, ao akishindwa kuzuia mkojo ao choo.

Mgongo unafanya kazi ya lori

Ugumu ni kupata mtu wa kuangalia. OMS inasema katika inchi maskini kuna sehemu ambazo watu milioni moja hawafikii wataalamu kumi wa kazi hii. Mashariki mwa Kongo, wengi wanajua kituo cha Shirika la Umoja cha Goma, kinachosaidia walemavu na waliojeruhiwa na vita. Tangu vita ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, kufika kule kumezidi kuwa kugumu. Na kuna mawazo yaliyozoeleka: kinezi ni ya mtu aliyekatwa mguu ao aliyepooza, si ya mama anayeuza mchele.

Mwezi wa tano 2023, inchi memba za OMS zilikubaliana kuingiza huduma hizi katika afya ya msingi. Kwa Kindu, hiyo inaweza kuanza na kitu kidogo: wauguzi wa vituo vya afya wafundishwe maulizo yale, mienendo ile mitano sita, na alama za hatari. Dakika kumi na tano kwa mgonjwa, kabla ya kuandika dawa.

Hata hivyo, muuguzi akifuata maumivu mpaka kwenye chanzo chake, mara nyingi atafika barabarani. Treni kutoka Kongolo haiji kwa ukawaida, magari yanakwama wakati wa mvua, na mchele lazima ufike sokoni. Kumwambia mtu "usibebe" ni kumwambia asile. Anaweza kufundishwa kubeba vizuri zaidi. Lakini wanaopanga bajeti ya afya na wale wanaopanga bajeti ya barabara za Maniema wanashughulikia mgongo ule ule, hata kama kila mmoja anakaa katika ofisi yake.