Vidonge vya Magoti ya Mama

Ndugu zangu, hapa Malton uwanja wa ndege wa Pearson uko mlangoni, na kila anayekwenda nyumbani lazima apewe chupa ya Advil ampelekee mama wa fulani, magoti yanamuuma. Nia ni njema, lakini tufikirie kidogo.

Advil ni ibuprofeni, ukoo mmoja na diklofenaki ambayo mama anajinunulia duka la dawa kule kwetu. Akimeza zote mbili hapati nafuu maradufu, anapata hatari maradufu: vidonda vya tumbo, figo kuharibika, presha kupanda. Kama anatumia dawa za presha ndiyo zaidi. Utasikia, "Mbona ametumia miaka mingi?" Jamani, figo haipigi kelele mapema.

Hapa Kanada kwenyewe, vidonge vya diklofenaki havitoki bila cheti cha daktari, na ibuprofeni ya kujinunulia mwisho miligramu 1200 kwa siku.

Basi kabla ya kununua, piga simu: ana presha? vidonda? figo? anameza dawa gani? Kisha muulize mfamasia, ushauri wake ni bure. Huenda dawa ya kupaka ikatosha.