Machicha ya Kahawa na Lundo la Mtaa

Wiki hii tuzungumzie taka zetu wenyewe.

Mwaka uliopita vijana wa mtaani kwetu walianza jambo jema. Kila asubuhi walipita kwa wauza kahawa na migahawani wakikusanya machicha, kisha kwa wauza matunda wakichukua maganda. Walikusudia kutengeneza mboji ya bustani ya mchicha, ambayo mapato yake yangesaidia ada za mayatima. Baada ya wiki tatu lundo lilikuwa limefika kiunoni, na uvundo wake umefika majumbani. Majirani wakataka liondolewe.

Nia ilikuwa njema. Kipimo ndicho kilichokosewa. Machicha ya kahawa, japo yana rangi ya majani makavu, yana naitrojeni nyingi na hushika maji. Yakirundikwa pamoja na maganda mabichi hushikamana, hewa ikakosa njia, na vijidudu viozeshavyo bila hewa vikaleta harufu mbaya. Kopo moja uani halimdhuru mtu. Magunia kumi yataka utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Machicha yasizidi sehemu moja kwa tano ya lundo. Kila ndoo ya taka mbichi ipate ndoo mbili au tatu za taka kavu: majani makavu, maranda ya seremala au maboksi yaliyochanwachanwa. Upana na kimo cha lundo visipungue mita moja, ndipo lihifadhi joto. Likifika nyuzi 55 za sentigredi na kudumu hapo siku kadhaa, mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi hufa. Unyevu wake uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Ligeuzwe kila wiki, na lisitumike mpaka lipoe, liwe jeusi na linukie udongo. Aghalabu huchukua miezi mitatu au zaidi. Machicha mabichi yasimwagwe juu ya miche, kwani huidumaza.

Vijana walipewa muda wa wiki moja. Walikwenda kwa seremala, wakarejea na magunia ya maranda, wakalifumua lundo na kulipanga upya. Baada ya siku chache uvundo ulikatika. Leo mmoja wa majirani waliolalamika humtuma mwanawe kila jioni na ndoo ya maganda.

Basi yeyote atakaye kuanzisha kazi hii mtaani kwake, kabla ya kukusanya kibichi, akusanye kwanza kikavu.