Mashine Ihesabu, Tafsiri Tuachiwe

Siku hizi imezuka desturi ambayo siwezi kuinyamazia. Mtu anaota usiku, na asubuhi kabla hajanawa uso anachukua simu, anaiandikia ndoto yake, nayo simu inamjibu maana. Basi, yamekwisha, anakunywa chai. Hakumwambia mkewe wala hakumwuliza mama yake, na hakuna aliyemhoji, "Na huyo uliyemwota, mara ya mwisho mlionana lini?" Vijana wa hapa Shighatini wanafanya hivyo, na watu wazima wenye akili zao pia. Wao wanaiita sayansi. Mimi naiita ukwepaji, na nitaeleza kwa nini.

Asije mtu akanidhania mzee wa milimani anayeogopa kila chenye waya. Kompyuta siipingi. Ndoto zangu nimeziandika madaftarini tangu mwaka 1984, nilipokuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, na likizo iliyopita mjukuu wangu aliyachukua madaftari yote saba akayachapa katika kompyuta yake. Zilipatikana ndoto 412. Yaliyonipata baada ya hapo ndiyo yaliyonipa haki ya kusema.

Kuhesabu ndoto si jambo la jana. Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Calvin Hall na Robert Van de Castle, walitoa kitabu kinachofundisha namna ya kuyahesabu yaliyomo ndotoni: watu wangapi walionekana, nani alimshambulia nani, nani alimsaidia nani. Baadaye G. William Domhoff na Adam Schneider wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walikusanya ndoto zaidi ya 20,000 katika hazina ya kompyuta waliyoiita DreamBank, ambamo mtu hutafuta neno na kuona limetokea mara ngapi. Hoja ya wataalamu hawa ni kwamba ndoto za mtu mmoja zikiwekwa mfululizo kwa miaka, zinaonyesha ni watu gani na mambo gani yanayomshughulisha hata mchana. Hoja hiyo naikubali, kwa sababu imenishika mimi mwenyewe.

Kwanza tulicheka. Kiswahili chetu kiliisumbua ile programu. Neno "piga" lina nguo nyingi: nilimpiga, akanipiga, tulipigwa, wanapigana. Kwa programu ya kuhesabu tu, hayo ni maneno manne yasiyojuana, mpaka mjukuu akaifundisha kutafuta mzizi. Mahali pengine nimeandika "lango", pengine "geti", nayo haikujua kuwa ni mlango ule ule. Msaragambo, kazi yetu ya pamoja huku Upare, iliuhesabu kuwa jina la mtu. Na ilipotafsiri kwa Kiingereza, marehemu mama yangu akawa mwanamume, kwa kuwa "alikuja" yetu haisemi ni mume au mke, na Kiingereza hulazimika kuchagua.

Kisha kicheko kikakoma. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba tangu mke wangu afariki namwota yeye tu. Hesabu ilisema ameonekana katika ndoto 11. Lakini maneno "sanduku" na "lango" yalikuwa pamoja katika ndoto 38. Nikasema hizo ni ndoto za safari, maana nimehamishwa sana kikazi. Mjukuu akazipanga kwa miaka. "Babu," akasema, "huyu mwenye sanduku katika ndoto za mwanzo ana jina. Baada ya mwaka 1994 unamwita kijana tu."

Nilimjua mara moja. Mwaka 1987 zilipotea fedha za duka la chuo. Nilimfukuza mwanafunzi mmoja bila kumsikiliza, ukiwa umebaki muda mfupi afanye mtihani wa mwisho. Alitoka langoni na sanduku lake la bati kichwani, wenzake wakimtazama kutoka madirishani. Wiki tatu baadaye tuligundua kwamba fedha hazikuibwa. Hesabu zilikosewa vitabuni, na vitabu hivyo nilivitia sahihi mimi. Nilipaswa kumwita arudi. Sikumwita. Niliona aibu, muhula ukaisha, na mimi nikahamishwa.

Kwa hiyo, msomaji, kompyuta ilinifanyia kazi ambayo hakuna binadamu aliyethubutu kunifanyia. Nilikuwa nimelifuta jina. Yenyewe ikaliona sanduku. Kwa hilo naishukuru bila kinyongo.

Ugomvi wangu unaanzia hapa. Mjukuu, kwa nia njema, alizipeleka zile ndoto 38 kwenye programu nyingine, hizi zinazojibu kama mtu. Ilijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wanafunzi wangu wengi. Ilisema lango ni mabadiliko katika maisha, na sanduku ni mizigo ya hisia. Ikanishauri nivute pumzi taratibu, niwe mpole kwa nafsi yangu, na nijisamehe.

Nijisamehe! Kwa mamlaka ya nani? Aliyebeba sanduku si mimi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa mashine ilinipa kanda la usufi nilibebe mahali pa bati la watu. Nilikuwa na deni, ikaligeuza kuwa hisia. Deni lina mdai, ana jina na ana mlango wa kubishwa hodi. Hisia haina mdai, unaituliza ukalala.

Wapo watakaoniambia kwamba mashine haikujua habari za mwaka 1987, na kama ningeieleza ingejibu vingine. Pengine. Lakini hilo ndilo ninalolisema. Mtu mzima ukimpelekea ndoto hukuuliza kabla ya kujibu, na akikujua huuliza palepale unapokwepa. Mashine ilipokea nilichoipa, na mimi nilikuwa nimeificha habari yenyewe kwa miaka mingi. Anayejificha hatafutwi kwa maneno yake mwenyewe peke yake.

Soma habari za Yusuf, ambazo Wakristo na Waislamu tunazo. Farao aliota ng'ombe wanono na waliokonda. Yusuf hakumwambia kwamba ana wasiwasi wa chakula na apumzike. Alimwambia aweke akiba, na tafsiri ikaishia kwenye maghala. Tafsiri isiyoishia kwenye kazi fulani ya mikono au ya miguu, mimi siihesabu kuwa tafsiri.

Au chukua mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2023 David Samson wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha utafiti wa ndoto 896 za watu 234, wakiwamo Wahadza wa hapa Tanzania na Wabayaka wa Kongo, wakilinganishwa na watu wa Ulaya na Kanada. Waliona kwamba ndoto za Wahadza na Wabayaka mara nyingi huanza na hatari kubwa, kisha hupata njia ya kutokea, na njia hiyo huwa ni watu. Katika mojawapo mtu anatumbukia kisimani, na rafiki yake anamtoa. Uchambuzi wa maneno ulifanywa kitaalamu, nami nauheshimu. Lakini kabla ya uchambuzi kulikuwa na mtu aliyeketi akamsimulia mwenzake kwa mdomo. Na aliyemtoa mwenzake kisimani alikuwa na mikono.

Nilimtafuta yule kijana kupitia wanafunzi wa zamani. Sasa ni mzee, fundi cherehani kule Hedaru. Niliteremka mpaka Mwanga, nikapanda basi. Alinitambua kabla sijajitaja. "Shikamoo Mwalimu," akasema, na mimi nikashindwa kuitikia upesi. Nilimweleza yote, pamoja na ile sahihi. Alinyamaza muda mrefu, cherehani ikiwa imesimama. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikuthubutu kumwomba. Aliomba kitu kimoja: barua, yenye sahihi yangu, inayosema kwamba hakuiba, ili wanawe waisome. Niliiandika pale pale juu ya meza yake ya kukatia nguo. Miaka yake ya ualimu siwezi kumrudishia.

Mjukuu wangu bado anahesabu, na daftari la nane nimelianza. Wewe unayeandika ndoto zako, zihesabu kwa kompyuta, hasa kama umri umekwenda na umezoea kujidanganya. Lakini hesabu ikikuonyesha mtu, usiiulize mashine ana maana gani. Uliza anakaa wapi. Dawa ya deni ni kulipa.