Bwana Salum Abdallah wa Morogoro

Katika miaka ya 1950, mtu wa Machakos aliyekuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono hakukosa wageni jioni. Miongoni mwa sahani zilizopendwa Kenya siku zile zilikuwamo za Bwana Salum Abdallah na bendi yake, Cuban Marimba. Sahani hizo zilitolewa na Mzuri Records ya Mombasa, hata msikilizaji angeweza kumdhania mwimbaji kuwa mtu wa huko. Sivyo, alikuwa mtu wa Morogoro, Tanganyika.

Alizaliwa mwaka 1928, baba yake Mwarabu na mama yake Mluguru. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikileta Afrika sahani zilizoitwa GV, zenye muziki wa Cuba. Kijana Salum alizisikiliza hata moyo wake ukahama. Akatenda jambo ambalo mzazi ye yote angelikasirikia: alitoroka nyumbani, akiazimia kwenda Cuba kwenyewe, akajifunze ngoma hiyo kwa wenyewe. Alifika Mombasa, na hapo safari ikakoma. Wala si ajabu, kwa maana Cuba iko ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, na Mombasa imeelekea bahari nyingine kabisa.

Basi akarudi kwao. Mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Jina hilo lachekesha kidogo, kwani marimba ni ala ya Afrika, wala si ala kuu ya Wacuba.

Mjini mle mle ilikuwako Morogoro Jazz, iliyoanza mwaka 1944. Siku hizo bendi za dansi ziliitwa “jazz” hata kama zilipiga rumba tupu. Bendi hizo mbili zilishindana kwa bidii, kama vile beni za Marini na Arinoti zilivyoshindana hapo kale kwa tarumbeta na mavazi ya kiaskari.

Lakini jambo lililomtenga Bwana Salum na waigaji wengi ni maneno. Katika sahani za GV watu waliimba Kihispania, na wasikilizaji wa huku walicheza bila kuelewa hata neno moja. Yeye aliuchukua mwendo wa Cuba, akautia Kiswahili fasaha, akaimba habari za mapenzi na za nchi yake. Mkamba wa Machakos hakuhitaji mkalimani. Kama angalifika Cuba, labda angalirudi akiimba Kihispania kizuri, na hapana mtu ambaye angalimkumbuka.

Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1965 katika ajali ya motokaa, naye hajatimiza miaka 40. Bendi haikuvunjika; Bwana Juma Kilaza aliishika uongozi, akaendelea kuipigisha kwa miaka mingi. Baadaye kampuni moja ya Ujerumani ilizikusanya nyimbo za Bwana Salum, ikazitoa upya kwa jina la Ngoma Iko Huku.