Acheni Kudharau Hokuto no Ken ya Sega

Nimechoka kusikia maneno haya: "Hizo gemu za zamani mnazipenda kwa sababu mlizicheza mkiwa watoto." Wiki jana mwenzangu kazini alichungulia skrini yangu, akacheka, akaniuliza kama hiyo gemu ilitengenezwa kwa siku moja. Nilikuwa nacheza Hokuto no Ken ya Sega, ya mwaka 1986. Haya basi, jibu langu ni hili, na wewe msomaji uwe hakimu.

Kwanza, mimi sikuicheza utotoni. Nilikutana nayo nikiwa mtu mzima, kwenye emuleta. Mashine yenyewe, Mark III, sijawahi hata kuishika. Kwa hiyo habari za utoto tuziweke kando.

Kwa wasiojua, Hokuto no Ken ni manga, yaani katuni za Kijapani. Iliandikwa na Buronson na kuchorwa na Tetsuo Hara kuanzia 1983. Dunia imeteketea kwa vita vya nyuklia, na Kenshiro anapita jangwani akiwapiga majambazi sehemu fulani za mwili hadi wanapasuka. Programu ya gemu hii iliandikwa na Yuji Naka, yule yule aliyekuja kuandika programu ya Sonic mwaka 1991.

Sasa tuongee kama watu wa programu. Katriji nzima ni kilobaiti 128. Picha moja tu ya simu yako inaishinda ukubwa mara nyingi. Prosesa ni Z80 ya megahezi 3.58, memori ya kazi ni kilobaiti 8. Mashine inachora vipande 64 vya picha zinazotembea, visizidi 8 kwenye mstari mmoja, na kila kipande kina upana wa nukta 8. Piga hesabu: mtu wa nukta 16 anakula vipande viwili. Watu wanne wakisimama sambamba, umemaliza!

Ungefanya nini hapo? Hadithi nzima haiingii. Wao walichukua kitu kimoja ambacho kila msomaji wa manga ile anakikumbuka: adui akipigwa, anapasuka vipande vipande. Unatembea, wanakujia pande zote mbili, unapiga, wanapasuka. Ukimfikia mkubwa wao, mnabaki wawili tu, na sasa mmechorwa wakubwa zaidi. Ndivyo manga inavyosomeka: visanduku vidogo vidogo, kisha pambano linajaza ukurasa.

Mnabisha? Tazameni kilichotokea ilipouzwa nje ya Japani. Ilikwenda bila jina la manga, ikaitwa Black Belt. Kenshiro akawa Riki, jangwa likaondolewa. Programu chini yake ni ile ile, mateke ni yale yale, na adui bado wanavunjika vipande. Lakini sasa mbona mtu avunjike kwa teke la karate? Inachezeka, ila utamu umepungua. Mashine haikubadilika. Kilichotoka ni sababu ya mambo kuwa yalivyo.

Kasoro zipo, sikatai. Hatua zinafanana, na wakubwa wengine hawaanguki mpaka ubahatishe pigo lao. Hayo siyatetei.

Ninachopinga ni dharau. Leo kuna gemu za manga za gigabaiti kadhaa, zenye wahusika wote, na ndani yake duka la kukuuzia wahusika hao kwa bahati nasibu. Sura zipo, sauti zipo. Lakini ukibonyeza kitufe, ni kitu gani cha kitabu kile unachokisikia mkononi? Na sisi waandishi wa programu tumeambukizwa: tunaongeza kila kitu kwa sababu tu nafasi ipo, halafu mtumiaji ndiye analipia bando ya kukipakua.

Kwa hiyo mwenzangu, siku moja, eti? Chukua kilobaiti 128, andika gemu ambayo mtu ataifungua karibu miaka arobaini baadaye bila kulazimishwa. Ukimaliza, niite nije kucheka.