Likizo ya Uzazi ni Haki, Si Hisani



Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 ajifunguapo zaidi ya mtoto mmoja. Arudipo kazini, anastahili hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Sheria hiyo haikubali mimba iwe sababu ya kumwachisha mtu kazi.

Hata hivyo, ni nyumba ngapi miongoni mwetu ambamo mtumishi hufungashiwa virago mara mimba inapoonekana? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunadai haki kwa waajiri wetu, nasi tunamnyima yule apikaye chakula chetu.

Naye baba hupewa angalau siku 3. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hawezi bado kuinua ndoo ya maji, na tayari mumewe ameitwa kazini. Kisha twawalaumu wanaume kwamba wamewaachia wanawake malezi!

Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, wataka likizo ya mama isipungue majuma 14. Siku 84 ni majuma 12 tu.

Viongozi wa walei, tuanze na wapishi, walimu na walinzi tunaowaajiri wenyewe. Ndipo tutakapomwendea mbunge wetu bila haya, tukidai sheria iwaongezee wazazi siku.